Vidole vimekaza, Shangazi, na moyo nao umekaza

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika kwa siku nne, kidogo kidogo, kwa kidole gumba cha kushoto, maana ndicho pekee kilichobaki na heshima mkononi mwangu. Ukikuta herufi zimerukwa unisamehe.

Nina miaka 43, watoto wanne, naishi Ujiji na biashara yangu ni dagaa, mwaloni Kibirizi. Mwaka wa sita huu nina baridi yabisi. Sisemi ile ya wazee, ya goti kuuma kila mvua ikitaka kunyesha. Hii yangu ilianza kwa vidole vya mikono yote miwili kuvimba, ikaja kwenye viwiko vya mikono, kisha nyayo. Tulihangaika mwaka mzima, nikapimwa gauti, nikapimwa malaria sijui mara ngapi, mpaka nilipopelekwa Mwanza ndipo wakaniambia ni kinga ya mwili wangu mwenyewe inayoyashambulia maungio. Nikapewa vidonge vya njano vya kumeza mara moja kwa wiki, na vingine vya kusindikiza.

Shangazi, wewe unaijua biashara ya dagaa? Mitumbwi inaingia alfajiri. Mwenye beseni la kwanza ndiye mwenye bei, na jua likichomoza dagaa wanatakiwa wawe wameshatandazwa. Vidole vyangu vinafunguka saa tatu. Kabla ya hapo hata kifungo cha gauni nafungiwa na mwanangu. Nimeishia kununua kwa mtu wa pili, na faida inabaki kwake. Mawifi wanasema nimejifunza uvivu wa kulala mpaka jua liingie dirishani.

Hilo la vidole nimeshalizoea. Lililonifanya nikuandikie ni jingine. Tangu baada ya Idi sina hamu na kitu. Mdogo wangu ameolewa, mimi dada mkubwa ndiye niliyetakiwa kusimamia jiko. Nikajifungia ndani nikasema naumwa, na siku hiyo, Mungu ananiona, sikuwa naumwa. Zamani kila Alhamisi jioni nilikuwa nawasuka wanangu. Sasa wanapelekwa kwa jirani, na mimi naingia bafuni kulia huku nimefungulia maji wasinisikie. Usiku naamka saa tisa, silali tena. Najiuliza: mwanamke asiyeweza kusuka nywele za mwanawe wala kusonga ugali, ni mwanamke wa nini? Mwezi uliopita nilisimama juu ya jiwe pale ufukweni, nikawaza kwamba yale maji yangenipumzisha. Sikufanya kitu, nikarudi nyumbani nikapika. Sijamwambia mtu yeyote. Nakwambia wewe kwa sababu hunijui.

Nilimgusia mtoa huduma mmoja wa zahanati. Akanijibu, "Mama, hayo ni mawazo tu, punguza mawazo," akaniandikia dawa ya maumivu. Vile vidonge vya njano siku hizi nameza nikikumbuka. Kuna vingine vyeupe vidogo nanunua duka la dawa, hivyo vinanipa nafuu siku hiyo hiyo, ila uso umekuwa mviringo mpaka watu wananiambia nimependeza.

Binti yangu mkubwa yuko chuo Dodoma. Anasema kuna mtaalamu wa saikolojia anayetibu watu kwa simu ya video, shilingi 30,000 kwa saa, na yuko tayari kunilipia kutoka kwenye fedha zake za kujikimu. Mume wangu hataki. Si mtu mbaya, Shangazi. Amenipeleka Kasulu kwa mganga mara mbili kwa fedha yake, anaamini ni majini. Ila anasema, siri za nyumba hii ziende kwa mtu wa kwenye simu? Mimi mwenyewe sielewi. Maneno yatatibuje mifupa? Na hata kama yanatibu, yapitie kwenye simu, yafike yakiwa bado ni dawa?

Mama wa Wanne, Ujiji

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na lile jiwe, maana mengine yote yanaweza kusubiri.

Wazo la kwamba maji yangekupumzisha ni dalili, kama uvimbe wa kidole ulivyo dalili. Halina maana kwamba wewe ni mtu mbaya, wala kwamba imani yako imepungua. Lakini dalili hiyo ina uzito kuliko zote ulizoniandikia, na wewe umeiweka katikati ya barua kama mtu anayepitisha mzigo bandarini usionekane. Leo hii, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja. Mdogo wako, yule aliyeolewa, namwona anafaa. Usiseme "sijisikii vizuri". Mweleze hilo la jiwe kama ulivyonieleza mimi. Na wazo likirudi kwa nguvu, au ukijikuta unapanga siku na namna, usisubiri miadi ya simu. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Kigoma, saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, uende na mtu. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, na mtu mwenye wazo kama lako ni mgonjwa wa dharura sawasawa na mama anayevuja damu. Tiba ya simu ina mengi mazuri nitakayokueleza, lakini haiwezi kukushika mkono ukiwa ukingoni mwa maji.

Sasa nije kwa huyo wa zahanati. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na neno linaloniudhi katika jibu lake si "mawazo". Ni "tu". Ana haki kuona kuna mawazo. Amekosea kudhani kwamba akishayaita mawazo basi kazi yake imekwisha. Angekuambia una "shinikizo la damu tu"?

Ulichoandika kina jina, kinaitwa sonona. Ni tofauti na huzuni ya msiba au ya biashara kuharibika, ambayo hupungua siku zikienda. Sonona hukaa, siku nyingi zaidi kuliko siku chache, wiki mbili na kuendelea, na kinachoitambulisha zaidi ni raha kukauka. Kuna maswali tisa yanayotumika duniani kuipima, na yameshapimwa kwa Kiswahili hapahapa Tanzania. Yanauliza kuhusu usingizi, uchovu, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai, na la mwisho linauliza lile la jiwe. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi maswali haya yana mtego wake. Uchovu na usingizi mbovu vinaweza kuletwa na maungio yenyewe, kwa hiyo mpimaji asipokuwa makini atahesabu ugonjwa mmoja mara mbili. Ndiyo maana barua yako niliisoma nikiwa natafuta mengine. Nikakuta harusi. Siku ambayo mwili ulikuwa na nafuu, ukajifungia ndani. Hapo hakuna kidole cha kusingiziwa.

Na hauko peke yako mwenye vyote viwili. Mwaka 2013 watafiti waliunganisha tafiti 72 zenye wagonjwa zaidi ya 13,000 wa baridi yabisi kutoka nchi mbalimbali. Kwa kipimo kikali cha madaktari, karibu 17 katika kila 100 walikuwa na sonona kamili. Kwa maswali yale tisa, walioonyesha dalili walikaribia 39 kwa 100. Kwenye benchi la kliniki, basi, kati ya wanawake sita waliokaa na wewe huyo mmoja anayetabasamu sana anaweza kuwa anafungulia maji bafuni kama wewe.

Kwa nini vinakwenda pamoja? Sehemu ya jibu unaijua: maumivu ya kila siku, kipato kushuka, mawifi. Sehemu nyingine imo ndani ya damu. Kumbuka malaria yako ya mwisho. Ulijikunja, hukutaka mtu, chakula kilinuka, hata sauti ya mtoto unayempenda ilikukera. Hukuwa na huzuni ya chochote. Mwili ukipambana hutoa kemikali ziitwazo saitokini, na kemikali hizo hufika kwenye ubongo na kuuambia: lala, jitenge, usitake kitu. Malaria ikiisha, amri hiyo inafutwa. Wewe baridi yabisi yako inatoa amri hiyo hiyo kwa sauti ya chini, mwaka wa sita sasa, bila kufuta. Nikiulizwa na mumeo nitamwambia hivyo. Jini hilo lina jina la kitaalamu na linapimika kwenye damu.

Hapo ndipo swali lako la mifupa linapojibika. Maneno hayatatibu mifupa. Nakuomba ulishike hilo vizuri, kwa sababu kwenye simu hiyohiyo utakutana na watu wanaoahidi kinyume chake, halafu mwishoni wanakuuzia unga wa lishe kwenye kopo. Kazi ya maungio ni ya vidonge vya njano. Hivyo kwa jinsi ulivyovieleza ni methotreksati, na umeshaanza kuviruka. Mtu mwenye sonona huacha dawa, dawa ikiachwa maungio yanavimba, yakivimba sonona inaongezeka. Ni mzunguko, na wewe uko ndani yake. Rudi kliniki ukaseme ukweli kwamba umekuwa ukiruka, wakupangie upya. Usijaribu kufidia kwa kumeza viwili viwili nyumbani. Dawa ile ni ya mara moja kwa wiki, na wapo watu wamekufa kwa kuimeza kila siku wakidhani wanaharakisha.

Vile vyeupe vinanitia wasiwasi zaidi. Dawa inayotoa nafuu siku hiyo hiyo na kuuvimbisha uso mviringo mara nyingi ni ya jamii ya prednisoloni. Daktari huitumia, kwa kipimo na kwa muda. Ikinunuliwa dukani kama pipi inapandisha sukari, inalainisha mifupa, inavuruga usingizi, na kwa baadhi ya watu inavuruga hata hali ya moyo, wakacheka leo na kesho wakalia. Hiyo saa tisa ya usiku yako huenda ina mkono wake humo. Lakini usiiache ghafla, maana mwili ukishaizoea huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata siku moja ni hatari. Chukua pakiti yake au hata kidonge kimoja, umpelekee daktari, yeye akushushe polepole.

Haya, tuje kwenye hayo mazungumzo ya simu, ambayo ndiyo uliyoniulizia na mimi nimezunguka kama daladala ya Mwanga.

Mume wako anawaza kwamba utaulizwa siri za chumbani. Mama zetu wanawaza kwamba utaambiwa "jipe moyo". Yote mawili hayamo. Tiba ya mazungumzo inayotumika zaidi kwa sonona ilianzishwa Marekani miaka ya 1960 na daktari wa akili aliyeitwa Aaron Beck. Aligundua kwamba wagonjwa wake wana sentensi fupi fupi zinazopita kichwani haraka, hawazichunguzi, wanaziamini tu, na sentensi hizo ndizo zinazowaangusha. Tiba yake ni kuzikamata, kuziweka mezani, na kuzihoji. Na pamoja na hizo, kubadili kidogo kidogo yale mtu anayofanya kwa siku.

Yako moja umeshaniandikia: "Mwanamke asiyeweza kusuka nywele za mwanawe wala kusonga ugali, ni mwanamke wa nini?" Umeiandika kama swali lakini wewe unaisoma kama hukumu. Mtaalamu mzuri hatakwambia "usiseme hivyo, wewe ni mwanamke shupavu". Atakuuliza. Hao watoto ulikuwa unakaa nao muda gani ukiwasuka? Mlikuwa mnaongea nini? Kilichokuuma kukipoteza ni mistari ya nywele au ni ile jioni? Sasa jirani akisuka, wewe uko wapi? Uko bafuni. Je, ungeweza kukaa kigoda cha pembeni, umshike mtoto mkono wakati jirani anavuta nywele, mpige hadithi zilezile? Utajaribu Alhamisi ijayo, halafu Jumamosi utamweleza ilikuwaje, hata kama ilikuwa mbaya. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani, na ndiyo dawa yenyewe. Wanaozungumza vizuri kwenye simu kisha hawafanyi chochote kati ya kipindi na kipindi hawapati mengi.

Kitu cha pili watakachokigusa, nina hakika, ni siku zako nzuri. Nikikukisia: siku vidole vikifunguka mapema, unakwenda mwaloni, unabeba, unatandaza, unageuza, unafua na nguo za wiki, kwa sababu unataka kulipa deni la siku mbaya na kuwaonyesha mawifi. Kisha unalala siku tatu. Halafu unajidharau kwa hizo siku tatu. Wataalamu wa maumivu sugu hufundisha kupima kazi kwa saa, siyo kwa maumivu: unageuza dagaa nusu saa, unapumzika hata kama hujachoka, unarudi. Siku mbaya unafanya kidogo badala ya kuacha kabisa. Ziwa lenyewe ndivyo linavyokwenda. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi inakaa mchangani, wanaume wanashona nyavu, na sijawahi kumsikia wifi yeyote Kigoma akimwita mvuvi mvivu kwa sababu mwezi umejaa.

Je, hayo yakipita kwenye simu yanafika? Yanafika, kwa sharti moja. Watu wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, hasa Sweden, Uholanzi na Australia, na kwa sonona ya kawaida tiba ya mtandaoni yenye mtaalamu upande wa pili imekuwa ikifanya vizuri karibu sawa na ya ana kwa ana. Sharti ni huyo mtu. Programu za kujisomea peke yako, zisizo na anayekuuliza "Alhamisi ilikuwaje?", wengi huziacha njiani. Kwa ugonjwa wako hasa, Uholanzi walichapisha mwaka 2017 utafiti wa wagonjwa 133 wa baridi yabisi waliokuwa na moyo mzito. Nusu walipewa tiba ya mtandaoni yenye mtaalamu juu ya matibabu yao ya kawaida, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida tu. Waliopata tiba hiyo huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko wenzao. Maumivu hayakupungua zaidi kuliko ya wenzao. Nakutajia la mwisho makusudi, kwa sababu binti yako kwa mapenzi yake anaweza kuwa amekuahidi vidole.

Na kwa mtu kama wewe simu ina faida ambayo mganga wa Kasulu hana: haikutaki upande basi. Vidole vikivimba, kipindi hakiahirishwi. Wala video si lazima. Mtandao ukikatika kila dakika tano utatumia nusu saa kusema "unanisikia?", na bando linakwenda. Ombeni mzungumze kwa simu ya kawaida, kwa dakika. Kazi za nyumbani usiandike; mtumie sauti kwa WhatsApp, kidole gumba chako kipumzike.

Jambo gumu zaidi nadhani litakuwa chumba. Nyumba za Ujiji nazijua, ukuta mmoja watu watatu. Usizungumzie chumbani kwako huku wifi yuko barazani. Nenda kwa mdogo wako, au kwa rafiki anayeweza kukuachia chumba saa moja bila kuuliza, uvae spika za masikioni ili upande wa pili usisikike. Kuna mama mmoja niliyemfahamu alikuwa akizungumza ndani ya gari bovu la shemeji yake lililoegeshwa uani. Alisema lile gari halijawahi kumfikisha mtu popote isipokuwa yeye.

Kabla ya fedha yoyote kutoka, mpigie huyo mtaalamu dakika kumi umwulize mambo bila aibu. Amesomea nini na wapi, na nani anamsimamia. Ameshawahi kumhudumia mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu wenye maumivu. Atafanya nini nikizidiwa usiku. Hapo mwenye kazi yake atakuomba jina na namba ya ndugu aliye karibu nawe na atataka kujua uko mtaa gani. Asipouliza hilo kabisa kipindi cha kwanza, tafuta mwingine. Kuhusu siri, atakuambia hazitoki isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, na wewe mwambie la jiwe kipindi cha kwanza, usilifiche hadi cha tano. Una haki ya kuomba mwanamke. Ukimwomba mwanamke utakuwa umelipunguza kwa nusu pingamizi la mumeo.

Nusu nyingine mpe yeye mwenyewe. Mwanaume aliyetoa fedha mara mbili kumpeleka mkewe Kasulu hajakukatia tamaa. Anachoogopa ni kuachwa nje ya mlango. Mwalike dakika kumi za mwanzo za kipindi cha kwanza, aulize anachotaka kuuliza, aelezwe lile la malaria na saitokini, kisha atoke. Nimeona wanaume wengi wakibadilika kwa hizo dakika kumi kuliko kwa mwaka wa kubishana. Kama anataka dua iendelee, iendelee. Dua haigombani na kidonge wala na simu. Fedha za safari ya tatu ya Kasulu ndizo ningependa zigombane na kitu.

Nimefikiria pia hizo 30,000. Tiba ya namna hii kwa kawaida huwa vipindi kati ya sita na kumi na mbili, na mtoto wa chuo anayejinyima chakula kwa ajili ya mama yake atakuletea sonona ya pili, yake. Anza na Maweni. Siku unayopeleka vile vidonge vyeupe, uliza kitengo cha afya ya akili, useme maneno haya: "Nina baridi yabisi na nadhani nina sonona, nimewaza kufa." Usiogope neno la mwisho, ndilo litakalofanya wakusikilize. Huko wanaweza kuona kwamba unahitaji pia dawa za sonona. Hazilevyi na si za vichaa, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na lazima wajue unameza methotreksati.

Na usidhani anayeweza kukusaidia ni mwenye shahada tu. Kule Zimbabwe daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, aliona wagonjwa ni wengi na madaktari hakuna, akaanza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa mitaani namna ya kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale bibi sonona wanaiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni yale yale "mawazo" yetu. Tofauti ni kwamba wao hawakuongeza "tu". Hapo Ujiji benchi la namna hiyo sijaliona, lakini akili yake unaweza kuiazima: mdogo wako na wewe, mara moja kwa wiki, tatizo moja, mnatafuta hatua moja ndogo, wiki ijayo mnaulizana. Haitachukua nafasi ya mtaalamu. Inakupa mtu wa kukuuliza.

Mwambie binti asilipie vipindi vyote kwa mkupuo. Alipie viwili, uone kama mnaelewana na huyo mtu, maana kutoelewana kupo na si kosa lako wala lake. Na miadi uiombe saa nane mchana. Vidole vitakuwa vimeshafunguka, dagaa wameshageuzwa, na mawifi wamelala.

Shangazi